Kamba ya Ndoo

Mwishoni mwa mwaka 1974, kaskazi ikivuma, baba alinipakia kwenye mashua pale Kismayo akanipeleka kisiwa cha Koyama nikalale na bibi. Nilikuwa na miaka saba. Zamu ile ilikuwa ya kaka yangu, lakini serikali ya Siad Barre ilikuwa imefunga shule za sekondari na kuwatawanya wanafunzi na walimu bara, wakawafundishe wafugaji kusoma Kisomali kwa hati mpya, na kaka alikuwa huko, kwenye ngamia. Nikabaki mimi. Baba aliniteremsha ufukweni na gunia la mchele na chupa ya samli, akambusu bibi mkono, akalala usiku mmoja, akaenda zake.

Kwetu Wabajuni mzee haachiwi usiku peke yake ikiwa ana mjukuu. Niliambiwa naenda kumliwaza bibi, na mimi nikaamini hivyo. Alikuwa mjane, akiishi katika nyumba ya mawe na udongo iliyoezekwa makuti, hatua chache kutoka kisimani. Alisuka mikeka, alifuga kuku, alijua kwa kusikia tu sauti ya bahari kama ni bamvua au maji mafu. Sikuona kitu alichoshindwa.

Kila niliporudi mjini mama alinikalisha jikoni, yeye yu juu ya mbuzi anakuna nazi, akaniuliza kama mtu asiye na haraka. Bibi alikula nini jana? Alikula na wewe, au alikutazama tu ukila? Usiku anaamka mara ngapi? Akienda kisimani, ndoo yarudi imejaa au nusu? Anakuita kwa jina lako, au kwa jina la shangazi yako? Nami nilijibu nikiona raha kuulizwa. Nilimwambia kwamba ndoo yarudi nusu, na kwamba njiani bibi huitua mara mbili, hukaa juu ya lile jiwe la mkwaju akasema anapumzisha upepo. Mama aliendelea kukuna nazi. Wiki ile ile binamu yangu mwenye miaka kumi na mitano alipelekwa kisiwani, akaambiwa naye kwamba anakwenda kumliwaza bibi.

Ilipita miaka karibu thelathini kabla sijajua kwamba nilikuwa nimetumwa kupima. Nilikuwa Glasgow, nimeanza kazi ya ukalimani, nikapewa fomu niisome kabla ya kwenda na mtaalamu kwa mzee mmoja wa kwetu. Maswali ya mama nikayakuta humo, yamepigwa chapa.

Fomu za namna hiyo zina wazazi wake. Mwaka 1963 Sidney Katz na wenzake, waliokuwa wakitibu wazee Cleveland, Marekani, walitoa kipimo cha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kuketi kitini, kuzuia haja, kula. Mwaka 1969 M. Powell Lawton na Elaine Brody wa Philadelphia wakaongeza manane ya kuendeshea nyumba: kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kunywa dawa bila kukosea, na kushika fedha zako mwenyewe. Mpaka leo sehemu nyingi za dunia zinapima wazee kwa mambo hayo, au kwa watoto wa mambo hayo. Nayaheshimu. Aliyeyatunga alikuwa amekaa na wazee akawaangalia. Ila katika kile cha pili, wanaume walikuwa hawahesabiwi kupika, kutunza nyumba wala kufua, kwa kuwa walidhaniwa hawafanyi. Nilifikiria wavuvi wa visiwa vya Chovai na Chula, wanaokaa wiki nzima bahari kuu wakipika chomboni, wakifua, wakishona nguo zao kwa sindano ya tanga. Kila kipimo kina watu waliokuwa machoni pa aliyekitunga.

Wabajuni walianza kuwa wengi Glasgow tangu mwaka 2000, Uingereza ilipoanza kuwatawanya waomba hifadhi miji mbalimbali badala ya kuwaacha wote London. Wengi tuliwekwa kwenye majengo marefu kama yale ya Red Road, ambayo ya mwisho yalibomolewa 2015. Wazee wetu walifika na jambo ambalo sikuliona limeandikwa kwenye fomu yoyote: walikuwa wamefundishwa kuogopa maswali. Ili mtu akubaliwe kuwa ni Mbajuni wa kweli, aliulizwa majina ya visiwa, samaki, koo, njia za vyombo. Sauti yake ikarekodiwa, mara nyingi ikapelekwa kwa wachambuzi wa lugha Sweden wakaamue kama kweli anatoka kwao. Jibu lililokosewa liliweza kumrudisha mtu alikotoka. Sasa mtu huyohuyo, miaka kumi baadaye, anajiwa na mgeni mwenye kalamu anayemuuliza, kwa upole kabisa, kama anaweza kuvaa mwenyewe. Mzee anatafuta jibu lililo sahihi. Na jibu sahihi, kwa alivyofundishwa, ni lile litakalomfanya aachwe alipo.

Mama alitufuata Glasgow baadaye. Karatasi zake zilisema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama karatasi za nusu ya wanawake wa rika lake. Alikaa peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, na alikuwa akiipenda. Muuguzi alimzuru kwa ajili ya sukari, nami nikawa mkalimani, jambo ambalo kikazi nalikataza: jamaa asimfasirie mgonjwa wake. Lakini alikuwa mama yangu na ilikuwa dakika kumi tu.

Muuguzi aliuliza kama anaoga mwenyewe. Mama akasema, “Naoga mwanangu, alhamdulillahi, hivyo hivyo.” Mimi nikasema kwa Kiingereza: ndiyo.

Ile “hivyo hivyo” ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Mwezi mzima mama alikuwa akiogopa kuinua mguu kuingia kwenye hodhi la kuogea, akawa anajimwagia maji kwa kopo akiwa amekaa kwenye kigoda kando ya sinki. Ndoo na kopo niliviona. Nikadhani ni mazoea ya Koyama. Na Scotland, tangu 2002, mtu wa miaka 65 na zaidi aliyepimwa akaonekana anahitaji msaada wa kuoga na kuvaa huupata bila kulipa. Neno langu moja ndilo lililoufunga mlango huo. Wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, alitaka josho la Ijumaa lililo kamili, si la kopo. Akaingia kwenye hodhi. Nilimkuta saa tano asubuhi, sakafuni, amejifunika kanga, anasoma Yasini. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono na ameumia nyonga.

Yaliyofuata hospitalini nimeyasimulia mara nyingi katika mafunzo ya wakalimani. Kwa kuwa karatasi ilisema Somalia, aliletewa mkalimani wa Kisomali. Mama alijua Kisomali cha sokoni: bei, salamu, matusi mawili. Alinyamaza, na kunyamaza kukaandikwa. Siku ya pili akapatikana kwa simu kijana aliyekulia hukohuko Uingereza, Kiswahili chake cha nyumbani. Daktari aliuliza dawa ya sukari huinywa saa ngapi. Mama akajibu vizuri kabisa: saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kijana akatafsiri mbili kuwa mbili. Ikaandikwa kwamba mgonjwa huamka saa nane za usiku kunywa dawa na kwamba amepotewa na wakati. Alipoulizwa ni majira gani alisema kusi limeshika, na ilikuwa Juni. Hakuna mtu visiwani ambaye angempinga. Alipoulizwa mwezi alisema Mfungo Tisa, na alikuwa sawa, kwa kuwa mwezi uliofuata ulikuwa Rajabu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, sina ruhusa ya kusema, na baada ya lile neno langu “ndiyo” sikujiona nina haki ya kuidai.

Kisha wakampeleka jikoni. Katika hospitali za Uingereza, kabla mzee hajaruhusiwa kurudi kwake, mtaalamu humtazama akipika kitu kidogo, na mara nyingi ni kikombe cha chai. Ni kipimo kizuri kuliko kinavyoonekana. Katika chai mna kukumbuka, kupanga, kusimama, kushika cha moto, kumaliza ulichoanza. Mama aliletwa mbele ya birika la umeme, majani ya kwenye mfuko, sukari na maziwa. Alitazama kabatini akitafuta sufuria. Hakuiona. Akatafuta moto, hakuuona. Akafikiri kidogo, nikayaona macho yake yakifanya hesabu. Halafu akafungua kifuniko cha birika, akatia maji kidogo, akatia maziwa yote, akatia sukari, akaitumbukiza mifuko miwili ya majani, akafunga, akabonyeza.

Chai ya kwetu hupikwa. Huwekwa maji na maziwa na sukari na majani pamoja, na iliki ikiwapo, ichemke mpaka ipande. Mama alikuwa ametatua tatizo: hakuna sufuria, hakuna jiko, kuna chombo kinachochemsha. Maziwa yakafurika mezani, umeme ukakatika, na ripoti ikasema si salama kuwa jikoni peke yake.

Niliomba wampime tena kwake. Namshukuru yule mtaalamu, binti mdogo wa Kiskoti, kwa kukubali bila kinyongo na kuja mwenyewe. Mama akamkaribisha, akamwita mwanangu, akamkalisha. Akapika chai kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa plasta, akiegemeza nyonga kwenye kabati kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu. Akakaanga na kaimati. Nilikuwa nikimtazama binti yule kwa ushindi wa mtoto ambaye mama yake ameonewa.

Na hapo ndipo yeye, si mimi, alipoona. Mafuta yalikuwa yameanza kuungua. Chumba kizima kilinuka moshi. Mama alikuwa amesimama juu ya karai lile akizungumza kwa furaha, wala hakugeuka. Binti akanong’ona nimuulize kama anasikia harufu. Mama akacheka akasema, “Harufu? Pua yangu ilishasafiri zamani.” Ilikuwa imesafiri miaka miwili, na jiko lake lilikuwa la gesi.

Jikoni mwa hospitali walikuwa wamemnyima uwezo alio nao. Kwake, mimi nilikuwa namfichia hatari aliyo nayo. Alibaki nyumbani kwake miaka sita zaidi, na jiko la umeme, king’ora cha moshi, kiti cha kuogea, na mama mmoja wa Barawa aliyekuja asubuhi kumsaidia kuoga. Nani angejua haya yote kwa kumuuliza tu?

Watu wetu wanapolalamika kwamba vipimo hivi ni vya Wazungu, siku hizi nawaambia habari za Hai, kule Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walitunga huko kipimo cha kumbukumbu na akili kwa wazee ambao hawakuona darasa. Hawamwambii mzee aandike wala atoe saba kutoka mia. Humpa vijiti vya kiberiti apange umbo. Humuuliza daraja ni kitu gani. Mtu aliyeishi anaweza kujibu hayo. Kipimo kinaweza kuzaliwa popote, mradi anayekitunga akubali kwanza kukaa kwenye mkeka wa anayempima.

Lakini kuna jambo ambalo hata kipimo cha Hai hakinitoshi, na hilo nalijua kwa ajili ya ami yake mama.

Januari 1991 Siad Barre aliikimbia Mogadishu, na vita vikateremka mpaka Kismayo. Visiwani walikuja watu wenye bunduki wakachukua nyavu, mashine za boti, vyakula, na zaidi ya hayo. Tuliondoka Koyama usiku tukafuata pwani, Ras Kiamboni, Kiunga, Lamu, tukaishia kambi ya Jomvu, Mombasa, tulikokaa miaka. Ami alikuja mpaka ufukweni kutuaga. Alikuwa amepita sabini. Tukamsihi. Akasema, “Mimi naweza.”

Na ni kweli kila mtu Koyama angeapa kwamba anaweza. Kila alfajiri yumo baharini na dau lake. Alikuwa na ustadi wa zamani wa kumfunga samaki aitwaye taza kamba mkiani, akamwachia aende akajibandike kwenye gamba la kasa, naye amvute taratibu. Alikula chake, alivaa chake, hakudaiwa na mtu. Angekuja Katz mwenyewe angempa sita juu ya sita.

Ila vijana wanne ndio waliolivuta dau lake juu ya mchanga kila maji yalipojaa, kwa kuwa walikuwa hapo wakivuta la kwao. Mke wa jirani ndiye aliyempelekea wali, kwa kuwa sufuria ilikuwa kubwa. Bega lake la kulia lilikuwa limekufa tangu alipoanguka kutoka kwenye mlingoti, miaka mingi nyuma, na maji yake aliyateka mtoto wa jirani akienda chuoni. Hakuna aliyeuita huo msaada. Haukuwa na jina. Ami mwenyewe asingeweza kukutajia, ungemuuliza angesema naishi kwa mikono yangu, na asingekuwa anasema uongo.

Chombo kilipoondoka niliwaona wote waliokuwa uwezo wake. Vijana wanne walikuwa makasiani. Mke wa jirani alikuwa anatapika ubavuni. Yule mtoto aliyekuwa akivuta kamba ya ndoo alikuwa amekaa mbele yangu, amekumbatia kuku.

Kusi la mwaka ule wavuvi wa Chovai walipita Koyama wakashuka kutafuta maji. Walimkuta ndani, amekwisha kufariki, wakamzika. Mmoja wao alifika Jomvu akatusimulia. Nilimuuliza dau lilikuwa wapi. Akasema lilikuwa juu mchangani, kavu, tanga limekunjwa, pale pale tulipoliacha.

Kwa hiyo mimi sasa, nikikaa na mzee, fomu naijaza kama inavyotakiwa, kisha namuuliza jana alikuja nani. Na juzi? Aliyekuja alishika nini? Mzee anayesema hakuna anisaidiaye huanza kutaja watu sita bila kujua. Huyu wa dukani humfungulia chupa ya dawa. Yule wa msikitini humshika kiwiko kwenye ngazi. Halafu naandika majina yao, kwa sababu siku mmoja wao akihama, mzee atakuwa ameshuka daraja bila yeye kuugua hata mafua. Namwomba pia anionyeshe badala ya kuniambia, na kama naweza narudi jioni, kwani mzee wa asubuhi na mzee wa magharibi mara nyingi ni watu wawili. Na nikisikia “hivyo hivyo” naiacha ikae katika tafsiri yangu kwa urefu wake wote, hata mtaalamu akinitazama akingoja ndiyo au hapana.

Mama alifariki kitandani kwake. Aliyebaki ni mdogo wake, mama mdogo, ambaye alirudi Kismayo kutoka Mombasa mwaka 2014, miaka miwili baada ya Al-Shabaab kutolewa mjini, akaishika nyumba ya wazee wao karibu na bahari. Hana mtoto. Nampima kwa mbali, kwa simu, kazi ambayo simtakii mtu. Fedha namtumia kwa hawala, zinaingia kwenye simu yake kwa dola. Nilimuuliza namba ya siri anaijua nani. Akasema, “Mimi na yule kijana wa duka, mtoto mzuri, ndiye anibonyezeaye.” Kwa kipimo cha Lawton, hapo pameguswa fedha na simu kwa pamoja. Nilikesha nikifikiri. Sikumwambia abadili namba. Kijana yule ni kidole chake, na kidole hicho nikimkata simletei kingine. Nilichofanya ni kumwomba mwenye duka anisomee hesabu kila mwisho wa mwezi, na mama mdogo anajua kwamba namsikiliza.

Kila siku baada ya alfajiri yake hunirekodia sauti. Maneno ni yale yale: “Sijambo mwanangu, yeo nimeamka salama, wote salama.” Nimejifunza kuyaacha maneno nikasikiliza nyuma yake. Kuku wapo. Ufagio wa uani upo, tena ni mkono wake, nausikia unavyovuta kwa mbili na kupumzika. Mkokoteni wa punda wa maji hupita kwake mapema, na siku zote mwenye punda akipiga kelele, mama mdogo huikatiza salamu yangu, akamwambia angoje anakuja na ndoo.

Jumanne iliyopita punda alipita. Mama mdogo hakukatiza kitu, aliendelea kuniuliza habari za baridi. Nikasikia mlango, nyayo nyepesi za kukimbia, maji yakimiminwa ndani ya kitu kirefu, na sauti ya mtoto wa kike ikiuliza, “Bibi, na hii ya pili niitie wapi?”

Niliirudia rekodi hiyo mara tatu. Kisha nikampigia binamu yangu aliyeko mtaa wa pili huko Kismayo, nikamuuliza ni mtoto wa nani yule, tangu lini, na kama nyumbani kwao wana mpango wa kuhama.